Chemchemi Niliyoipoteza Gasorwe

Wiki iliyopita mmoja wenu, vijana ninaowafundisha kazi, simtaji maana sasa ana mke na anastahili heshima, aliniuliza mbele ya wenzake nimeharibu chemchemi ngapi katika kazi yangu yote. Wengine mkamtazama kama mtu aliyemuuliza babu yake amebakiza meno mangapi. Nilimjibu kwamba nilizozikosea na kuzijenga upya sikuzihesabu, ila niliyoipoteza kabisa ni moja. Mkasogea karibu mkingoja hadithi, nami nikaondoka kwa sababu adhana ilikuwa imeshalia. Leo goti linaniuma na sina pa kwenda, kwa hiyo nawaandikia.

Kwanza mjue nilivyoingia katika kazi hii, maana hakuna aliyenitabiria. Nimezaliwa Gitega, katika mtaa wa Waswahili, na baba yangu alikuwa fundi cherehani kama baba yake. Mimi nilikuwa na vidole kama mihogo. Nilipovunja sindano ya tatu katika wiki moja, baba aliniambia bila chuki kwamba Mungu hakosei, lakini labda duka ndilo lililokosea. Akanipeleka kwa Papa Asukulu.

Papa Asukulu alikuwa Mbembe wa Fizi, Mkristo wa kuimba kanisani, mwashi aliyekuwa amejenga masanduku ya maji, vile vijumba vya mawe vinavyokinga chemchemi, vilimani kabla mimi sijaota ndevu. Wakati ule alikuwa na kazi Bukirasazi. Kifaa chake kikubwa kilikuwa mpira mrefu unaopitisha mwanga, aliojaza maji na kuuvaa shingoni. Ninyi mna simu zinazowaambia mwinuko wa mahali. Sisi mtu mmoja alishika ncha moja ya mpira kwenye chemchemi, mwingine akapanda na ncha ya pili, na maji yaliposimama sawa pande zote mbili tulijua mahali gani pako juu na mahali gani pako chini. Mpira ule haukuwahi kuishiwa chaji.

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya hukohuko Bukirasazi. Nilichimba mtaro wa bomba nikaupitisha juu ya nundu ya ardhi, nikiona ni njia ya mkato. Siku ya kufungua, chifu wa kilima alikuja na koti, akina mama wakaja na vyombo, na bomba likatoa upepo. Hewa ilikuwa imejibana pale kwenye nundu, na maji hayakuweza kupita. Bomba lilikohoa, likanyamaza, likakohoa tena. Watu walicheka mpaka chifu akavua koti.

Papa Asukulu naye alicheka. Akasema kila fundi lazima achimbe mtaro mmoja wa upepo, yeye wake aliuchimba Uvira. Kisha akaanza kufukua mtaro wangu pale kwenye nundu, akaendelea kufukua hata pasipo na nundu, na hapo kicheko kikamwisha. Aliona kwamba penye mawe nilikuwa nimechimba kina cha kifundo cha mguu tu, nikafunika na majani na udongo ili pafanane na pengine. Aliketi ukingoni, akapangusa jembe lake kwa muda mrefu.

"Bon, Saidi, sikia," aliniambia. "Kosa mi nasamehe. Mukono nusu, non."

Nilichimba upya mtaro wote, tangu chemchemi hadi bombani, na hakunisaidia hata kwa koleo moja. Alikaa akinitazama na kuimba nyimbo za kanisani. Nazijua zote hadi leo, ingawa imamu wetu hajui hilo.

Nikiwa naye nilijifunza mengine ambayo bado yanafaa, simu au hakuna simu. Ukitaka kujua ardhi yenye maji, tembea pekupeku alfajiri kabla jua halijakausha umande. Unyayo unajua kutofautisha ubaridi wa juu na ubaridi unaotoka ndani. Ukitaka kujua udongo wa mfinyanzi kama unafaa kuziba, ufinyange donge, litumbukize katika beseni la maji na uliache hadi kesho yake. Likibaki donge, zibia. Likiwa uji, tafuta kwingine. Usikubali mikaratusi ipandwe juu ya chemchemi, hata kama mwenye shamba ni mkwe wako, kwa sababu mikaratusi inakunywa kuliko mkwe. Na usiyapandishe maji juu ya jicho lake. Jicho ni pale maji yanapotokea ardhini. Ukijenga ukuta ukayalazimisha yajae juu kupita hapo, yanarudi ndani, yanatafuta njia nyingine, na huenda usiyaone tena.

Hilo la mwisho nililijua vizuri kama ninavyojua jina langu. Kwa hiyo msifikiri kwamba kosa la Gasorwe lilitokana na ujinga.

Ilikuwa miaka ya vita, Papa Asukulu ameshavuka mpaka kurudi kwao, ambako baadaye vita vingine vilimkuta, na sikumsikia tena. Mimi nilipewa kazi na mradi mmoja wa maji uliokuwa na ofisi Gitega. Walitutuma Muyinga, katika kilima kimoja cha Gasorwe, tuwajengee maji watu waliokimbia vilima vyao wakapiga kambi juu ya mteremko, karibu na zahanati. Tulikwenda wawili. Mwenzangu aliitwa Nestor, naye alikuwa mtu wa shule. Yeye ndiye aliyeandika ripoti. Daftari lake lilikuwa safi, halikuwa na mstari uliofutwa, na katika ofisi ile alijulikana kama mtu asiyekosea. Ilikuwa kweli. Ukimwuliza Nestor tuchimbe hapa au pale, alikwambia ni vizuri kufikiri. Ukichimba yakatoka maji, alikuwa amekubali. Yasipotoka, hakuwahi kusema lolote.

Kilima kile kilikuwa na chemchemi moja nzuri. Waliokuwa hapo tangu zamani waliinywa, na sasa kambi nzima ikainywa pia. Maji mengine yalikuwa chini kabisa bondeni, kwenye mto, na huko wenye bunduki walipita. Mwezi uliotangulia wanawake wawili walikwenda kuteka huko wakarudi wamebebwa. Kwa hiyo mtu wa pale aliposema maji, alimaanisha chemchemi ile na si nyingine.

Nilipima kwa mpira wangu, maana nilikuwa nimejitengenezea wangu. Nikaona kwamba kizingiti cha zahanati kilikuwa juu ya jicho la chemchemi kwa urefu wa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mkono mmoja tu. Maji yangepanda mkono mmoja, yangefika zahanati yenyewe, na mama aliyejifungua asingengoja mtu apande na ndoo. Nililala nikiupima mkono huo kichwani.

Asubuhi nikaamua. Nilijiambia kwamba ukuta ukiwa imara na udongo ukishindiliwa vizuri, maji hayatakuwa na pa kwenda ila juu. Nawaambieni, sijawahi kujenga kama nilivyojenga pale. Udongo tuliutoa mbali, nikaujaribu donge kwa donge. Mawe niliyaosha. Watu wa kambini na wa kilimani walishindilia pamoja kwa miguu, wakiimba, watu ambao mwezi mmoja nyuma hawakusalimiana. Nestor alikuja akatazama ukuta, akatazama jicho, akaandika kitu katika daftari lake, akasema ni kazi safi. Simenti ilipokuwa bado mbichi nilichukua msumari nikaandika jina langu juu ya mfuniko: SAIDI. Mbembe yule angenikemea. Yeye alisema jina haliandikwi mpaka sanduku limalize kiangazi kimoja.

Maji yalipanda. Yalifika zahanati, na muuguzi alifungua bomba akanawa uso mbele ya watu wote. Siku mbili yalitoka. Siku ya tatu yalipungua, nikasema ni uchafu. Siku ya nne asubuhi bomba likatoa upepo, na safari hii hakuna aliyecheka. Nilifungua tundu la chini la sanduku ili maji yashuke hadi kimo chake cha zamani. Hayakuja. Nikatoboa ukuta. Nyuma yake mawe yalikuwa na unyevunyevu tu. Chemchemi ilikuwa imeondoka.

Sasa oneni kituko cha kazi hii. Ukuta ule ungekuwa mbovu, wa mkono nusu, ungevuja siku ya kwanza, maji yangepungukiwa nguvu, na jicho lingebaki mahali pake. Niliupoteza mkondo kwa sababu nilijenga vizuri kitu kisichotakiwa kujengwa. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi, na kuna watu wameniambia kwamba hapo ndipo somo lilipo, kwamba juhudi nyingi nayo ni hatari. Ngojeni nimalize.

Mchana huohuo gari la mradi likaja kutuchukua. Dereva alisema barabara ya kwenda Gitega ingefungwa kesho yake, na hakujua ingefunguliwa lini. Usiku uliotangulia kulikuwa na milio ng'ambo ya mto. Nestor alikuwa ameshafunga begi. Aliniambia kwa upole kwamba kitaalamu chemchemi hukauka, na kwamba katika ripoti angeandika hivyo, imekauka, na hakuna ambaye angeniuliza. Na kweli hakuna ambaye angeniuliza. Gitega mke wangu Zaina alikuwa na mimba ya miezi saba.

Niliona haya, nasema wazi. Na niliogopa. Nilipoweka mguu kwenye gari niliwaona wanawake wamekaa karibu na sanduku langu na ndoo zao, si kwamba walinilaumu, walikuwa wanangoja tu, kama mtu anavyongoja duka lifunguliwe. Walidhani najua la kufanya. Nikashuka. Nikamwomba Nestor amwambie Zaina kwamba nimebaki, na asimwambie kwa nini.

Nikachimba. Wote waliokuwa na majembe wakachimba nami, siku ya kwanza. Siku ya pili wakawa nusu. Alfajiri nilitembea pekupeku mteremko mzima, na kila unyayo uliposema hapa, nilichimba hapo. Unyayo ulidanganya, au hofu ilinichanganyia baridi. Nilichimba mashimo saba, yote makavu. Wanawake wakaanza kushuka mtoni kwa makundi, kimyakimya, na kila kundi lilipokwenda sikuweza kufanya kazi mpaka nilipolihesabu likirudi limetimia. Siku ya tano nilichimba na watu watatu. Mikono yangu ilikuwa imechubuka hata kushika mpini ilibidi niufunge kitambaa. Sikuwa na ujuzi wowote uliobaki. Nilibaki na jembe tu.

Siku ya sita alikuja Mama Spès. Alikuwa mjane mwenye migomba chini ya chemchemi, kama hatua arobaini hivi, na Kiswahili chake alikipata kwa kuuza ndizi soko la Muyinga, ndiyo maana 'ndio' na 'ndiye' kwake ni 'njo'. Alikuja amekasirika sana.

"We fundi," akasema, "nani amemwaga maji mu shimo yangu ya ndizi?"

Wengine mmekulia mjini, hebu nieleze. Wenzetu wanaotengeneza pombe ya ndizi huchimba shimo, hulipasha moto, hupanga humo ndizi mbichi, hufunika na majani na udongo, na baada ya siku chache ndizi zinaiva pamoja. Kirundi wanaliita urwina. Shimo hilo lazima liwe kavu. Mama Spès alikuwa ameingiza ndizi za msimu mzima, kwa sababu mumewe aliuawa mwaka uliopita, na sasa ulikuwa wakati wa kuganduka, yaani kumaliza matanga. Huwezi kumaliza matanga bila pombe ya kuwapa majirani. Bila hiyo mjane anabaki kwenye msiba, na marehemu anabaki bila kuagwa. Alipofunua aone kama zimeiva, alikuta ndizi zinaelea. Alifikiri ni mimi, kwa kuwa nilikuwa ndiye mtu pekee kilimani aliyekuwa akitoboa kila mahali kama fuko.

Nilikwenda mbio, nikaingiza mkono shimoni. Maji yalikuwa ya baridi ile inayotoka ndani. Nikachota kwa kopo, nikachota tena, na kopo halikushinda maji.

Ilinibidi nimwambie. Nilimwambia kwamba maji ya chemchemi yamekimbilia kwake. Kwamba ili kuyapata lazima nitoe ndizi zote, zile nzuri na zile zilizooza, nichimbe shimo kwenda ndani ya kilima, na nikate migomba labda kumi na mitano iliyokuwa juu yake. Kwamba mwaka ule hangekuwa na pombe. Na kwamba kosa lilikuwa langu tangu mwanzo, niliyalazimisha maji kupanda. Hilo la mwisho nilikuwa sijalisema kwa mtu pale.

Aliitazama migomba yake, mmoja mmoja, kama mtu anayewaaga wageni.

"Bwana yangu iko mu udongo, hana haraka," akasema mwishowe. "Sisi njo tuko na kiu. Kata."

Akaingia nyumbani akatoka na panga, na mgomba wa kwanza aliuangusha yeye.

Tulichimba siku nne kuyafuata maji ndani ya kilima, na sasa watu walirudi wote. Nilijenga sanduku jipya, dogo, na bomba lake nililiweka chini ya jicho kwa upana wa kiganja, na sehemu hiyo nilipima mara tatu. Hatukuwa na simenti ya kutosha, kwa hiyo nilivunja mfereji wa mawe niliokuwa nimeujenga chini ya bomba la zahanati, nikatumia mawe yake. Sanduku la zamani nilijaribu kulivunja pia. Nyundo ilirudi. Nilikuwa nimelijenga vizuri mno.

Maji yakatoka. Zahanati hayakuifika, na hadi leo hayajaifika. Muuguzi aliendelea kuletewa kwa ndoo, tena kutoka mbali zaidi kuliko mwanzo. Sitawadanganya kwamba nilirekebisha kila kitu. Lakini hakuna aliyeshuka mtoni tena. Na majirani wa Mama Spès, waliotakiwa kunywa pombe, walikusanyika wakanywa maji yale kwa mirija kama pombe, wakamuaga yule marehemu kwa maji, jambo ambalo wazee walisema hawajawahi kuliona lakini hawakulikataza. Na mimi, Mwislamu niliyeokolewa na shimo la pombe, nilikunywa pamoja nao.

Nilifika Gitega wiki tano baadaye, sehemu kubwa kwa miguu. Zaina alikuwa ameshajifungua mtoto wa kike. Alinifungulia mlango, akanitazama juu hadi chini, akaninyima chai siku mbili. Siku ya tatu alinipa chai na kuniuliza kama maji yalipatikana.

Nestor tulionana ofisini. Tulizungumza, na katika kuzungumza akanifungulia daftari lake ili anionyeshe kwamba tarehe zake zilikuwa sawa. Nikasoma mstari alioandika siku ile alipotazama ukuta kabla hatujaufunga: ukuta umepita jicho. Alikuwa ameona. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema hakuwa na uhakika, na kama angesema halafu maji yakapanda salama, angeonekana hajui kazi. Alisema hivyo bila aibu, kama mtu anayeeleza kwa nini alichukua mwavuli. Nilikasirika, na miaka yote hii hasira ile haijanitoka. Si mtu mbaya Nestor. Ujumbe wangu aliufikisha kwa Zaina siku ileile, na mvua ilikuwa inanyesha. Amestaafu na faili safi, na mimi langu lina chemchemi moja iliyokufa. Lakini ninapokumbuka wale wanawake na ndoo zao, mstari ule mmoja ulio sahihi kabisa unaniuma kuliko ukuta wangu.

Kwa hiyo mkiniuliza mchague lipi, kosa au faili safi, kosea. Kosea kwa mikono miwili, sema ulilokosea, halafu tumia mikono hiyohiyo kulitengeneza.

Mwaka jana, kabla goti halijakataa safari, nilipanda hadi Gasorwe. Maji bado yanatoka, na hata jina sikuliandika pale kwa kuwa sikuwa na simenti ya kuchezea. Watu wanapaita kwa Spès. Sanduku langu la zamani liko vilevile juu ya mteremko, na ukiacha tundu nililolitoboa ukutani, ambalo sasa ni mlango, halina ufa hata mmoja. Mama Spès anafungia mbuzi wake humo, na sidhani kama Muyinga yote kuna mbuzi anayelala katika nyumba iliyojengwa vizuri kuliko ile.

Mama Spès amezeeka, nilimkuta akimfungua mbuzi. Alikuwa pamoja na mke wa mwanawe, mwanamke aliyekulia Tanzania akarudi baada ya vita. Huyo aliniona natazama mfuniko, akafuta majani kwa kiganja, akasoma.

"Mama, hivi huyu Saidi ni nani?" akauliza.

Mama Spès alininyooshea kidole bila kuinua uso kutoka kwenye kamba.

"Ni huyu. Njo ye alitupotezea maji," akasema. Akaivuta kamba, fundo likafunguka, mbuzi akatoka. "Kisha akabakia."